Tusilipie maji kwa bei ya majani

Asalaam aleikum, mabibi na mabwana. Nashukuru kwa kunikaribisha Kisauni.

Mfuko huu ni nepia, majani marefu ya kulisha ng'ombe. Niliikatakata, kilo 1 kamili, nikaianika juu ya bati siku 3. Mama, tafadhali uweke kwenye mizani. Gramu 210! Kilichopotea chote ni maji.

Sasa tupige hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 anataka kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Kwa nepia mbichi hizo ni kama kilo 60. Sisi tusio na mashamba tunakodi gari toka Kwale au Kilifi, na ndani ya kila tani, kilo 800 hivi ni maji. Maji tunayo hapa kisimani!

Basi tukaushe? Hapo pwani yetu inatutia mtihani. Majani hushamiri wakati wa masika, na masika hayaaniki kitu; ukijaribu, yanavunda. Ukiyangoja mpaka Julai, yamekomaa, shina gumu, protini imeshuka. Kwa hiyo ya masika yatiwe saileji, yaani yashindiliwe yangali mabichi na kufunikwa hewa isiingie. Lakini saileji nayo, thuluthi mbili ni maji, basi inafaa pale ambapo majani na ng'ombe viko pamoja. Ya vuli ndiyo ya kukausha, kaskazi ikishaanza kuvuma, na ndiyo ya kusafirisha. Yafungwe marobota, maana yakiwa ovyo yanajaza gari kabla ya uzito kutimia.

Tukirudi kwenye saileji: nepia ina sukari kidogo, kwa hiyo inyaushwe kwanza, itiwe molasi, kisha ishindiliwe hasa. Mwaka wangu wa kwanza niliharakisha. Nilipofungua shimo, ukungu mweupe ulikuwa umeingia mpaka kiwiko, na harufu yake ng'ombe walikataa hata kuisogelea. Nusu nzima nilitupa. Vibarua, molasi na karatasi ya nailoni nilikuwa nimeshalipa, kwa hiyo kila kilo iliyosalia ilinigharimu mara mbili. Hasara ya usindikaji, ndugu zangu, mara nyingi iko kwenye miguu inayoshindilia, si kwenye bei ya mashine.

Kwa marobota hamhitaji trekta. Sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, sentimita 85 kwa 55 kwa 38, na kamba ya katani, vinatosha. Fundi seremala yeyote wa mtaani analiunda.

Langu liko nje chini ya mwembe, na majani makavu yapo. Tutoke, kila mtu afunge robota lake, tulipime.