Kantangaze Hupanda Lori

Ndugu zangu wakulima, nimekuja tena na tenga. Walionisikia msimu uliopita wanajua nitasema nini juu ya kantangaze, mdudu anayeharibu nyanya, nami nitasema, kwa sababu matenga bado yanarudi shambani bila kuoshwa.

Litazameni hili. Limepeleka nyanya sokoni, likamwagwa, likarudishwa lilivyo. Hapa kwenye ufa wa ubao pana kitu cha kahawia, kidogo kuliko punje ya mchele. Hiyo ni pupa: kiwavi aliyejifunga akingoja kuota mabawa. Akitoka ni nondo wa kijivu. Mchana anajificha kwenye majani, usiku anatafuta mnyanya. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Sasa hesabuni wenyewe matenga mangapi yamerudi kijijini wiki hii.

Najua kuna anayesema moyoni: nondo si ana mabawa, anaruka mwenyewe? Anaruka, ndiyo. Lakini kwao ni Amerika Kusini. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza kutoka Peru mwaka 1917, na muda mrefu akabaki bara lile. Mwaka 2006 akaonekana Hispania. Bahari ya Atlantiki hakuivuka kwa mabawa yale! Mwaka 2008 yuko Moroko na Algeria. Mwaka 2014 yuko kwetu, Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru. Miaka minane tu. Mwaka 2016 jimbo la Kaduna, Nigeria, lilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya nyanya alizoharibu. Mdudu huyu anasafiri ndani ya tunda, ndani ya miche, ndani ya tenga. Anapanda lori pamoja nasi, na sisi ndio tunaomlipia nauli.

Kuna na yule wa "dawa zipo". Mzee wangu, shika jani hili ulielekeze kwenye mwanga. Unaona pale palipopauka kama karatasi? Na kiwavi huyo mdogo wa kijani katikati? Yuko kati ya ngozi mbili za jani, analala humo na kula humo. Unachopuliza kinapita juu ya paa lake. Halafu mtu anaongeza kipimo, anachanganya dawa tatu kwenye bomba moja, anapiga leo na keshokutwa. Dawa nyingi ameshazizoea kwa namna hiyo hiyo, na sumu inabaki kwenye nyanya tunazowapa watoto. Hili linaniuma sana.

Naona nimeonyeshwa saa, basi haraka haraka. Mtego wa beseni: maji, sabuni, juu yake chambo chenye harufu ya jike. Unanasa madume peke yake, kwa hiyo usiutegemee kumaliza kazi. Unakujulisha ameingia lini. Mnavu na ndulele pembezoni mwa shamba, ng'oa, maana anaishi humo nyanya zikiisha. Usifuatishe viazi mviringo wala biringanya baada ya nyanya, ni chakula chake pia. Masalia yafukie mara tu ukimaliza kuvuna, yasikae shambani wiki mbili. Kubadilisha aina za dawa tutazungumza siku nyingine.

Jani hili nalipitisha kuanzia mstari wa mbele. Kila mtu aliinue kwenye mwanga kabla ya kumpa jirani. Tenga linabaki hapa mlangoni, na ndoo ya maji ya moto na brashi viko nje. Waliokuja na matenga yao, tuanze kusugua.