Mstari Usiojua Kusema "Labda"

Asanteni sana. Naomba taa za mbele zizimwe ili ukuta uonekane vizuri. Hapo sawa.

Picha hii inatoka kwenye kitabu cha katuni za Tintin ninachokiita *Kaa Mwenye Magando ya Dhahabu*. Majina ya vitabu leo nitayatafsiri mwenyewe, kwa hiyo msiende kuyaulizia dukani. Hadithi ilianza kutoka gazetini Brussels mwaka 1940. Hapa tuko jangwani. Nahodha Haddock, mlevi wetu mpendwa, amepasuliwa chupa yake kwa risasi, na sasa anawakimbilia maadui huku akiwaporomoshea matusi. Maadui wenye bunduki wanamkimbia mtu mmoja mwenye mdomo! Lakini msimtazame Haddock, watazameni wao. Mmoja bado amelala kifudifudi. Mwingine anajiinua, mwingine amekaa nusu wima, wa mbele kabisa ameshatimua mbio. Ni watu mbalimbali, lakini jicho likipita juu yao linaona kama mtu yuleyule anayeamka na kukimbia. Ni sinema ndani ya kisanduku kimoja. Mchoraji mwenyewe alikuwa akikitaja kisanduku hiki miongoni mwa vile alivyovipenda zaidi, nami namwelewa.

Mchoraji huyo ni Georges Remi, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki 1983. Aligeuza herufi za mwanzo za jina lake, R na G, akazitamka kwa Kifaransa, akawa Hergé. Kijana wake Tintin, mwandishi wa habari ambaye haandiki habari, alitokea mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1929, kwenye nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Kikatoliki la Brussels. Namna ile ya kuchora ilikaa miaka mingi bila jina. Ni mwaka 1977 ndipo Joost Swarte, mchoraji wa Uholanzi, alipoibatiza "mstari safi".

Mstari safi ni nini? Nyie mnaochora mtanielewa upesi. Chukua penseli, chora mkono wa mtu. Hujaridhika, chora tena juu yake, na tena, mpaka karatasi inataka kutoboka. Rasimu za Hergé zilikuwa hivyohivyo, vurugu tupu. Kisha anaweka karatasi nyingine juu, anachagua mstari mmoja kati ya ile yote, anaunakili, anaupitishia wino. Mistari mingine inakufa. Hakuna vimistari vya kivuli wala wino mzito kuonyesha usiku ndani ya moyo wa mtu. Rangi inajazwa bapa, kama ukuta uliopigwa rangi na fundi asiye na papara. Kitasa cha mlango, pua ya nahodha, mlima wa mbali, vyote vinapewa mstari wa uzito uleule.

Halafu kuna ujanja mwingine. Uso wa Tintin ni duara, vitone viwili vya macho na kishungi cha nywele, basi. Ila gari analopanda ni gari kweli, ndege ni ndege kweli, na roketi aliyoipeleka mwezini kwenye vitabu vya 1953 na 1954, miaka kumi na tano kabla ya binadamu kufika huko, ina ngazi, vali na viti vya kulalia ambavyo fundi angeweza kuvihesabu. Mtoto anaingia ndani ya uso ule mtupu kama anayevaa shati la kaka yake, kisha anajikuta kwenye dunia ambayo kila kitu kimethibitishwa.

Hapo ndipo penye utamu, na hapohapo ndipo penye ubaya. Watu wengi wanavitenganisha: wanasema michoro ni mizuri ila mawazo yalikuwa ya zamani. Mimi sikubali. Mstari huu haujui kusema "labda". Kitu ambacho mchoraji amekichunguza mwezi mzima na kitu alichosikia kijiweni vinatoka na uzito uleule wa wino. Mchoraji wa vivuli anaweza kuficha asichokijua gizani. Huyu hana giza. Asipojua, anachora vilevile, na anachora kwa uhakika uleule.

Picha inayofuata, tafadhali. Naona mnaguna. Ndiyo, *Tintin Kongo*, 1930 hadi 1931. Hergé hakuwahi kukanyaga Kongo. Alikuwa na jumba la makumbusho ya Kongo la Tervuren karibu na Brussels, magazeti ya wamisionari, na padri aliyeongoza gazeti lake, Norbert Wallez, aliyetaka watoto wa Ubelgiji waipende koloni yao. Sasa angalieni ajali hii. Gari la Tintin limekwama relini, treni inaligonga, treni ndiyo inayoanguka na gari halina hata mkwaruzo. Abiria Waafrika, wote midomo na macho kama wanasesere waliotoka ukungu mmoja, wanaamriwa wainyanyue treni, nao wanalalamika kwamba wamechoka na watachafuka. Gari limechorwa kwa kuangalia gari halisi la Ford, watu hawakuangaliwa. Na hao wanaodaiwa kuwa wavivu mbele ya reli! Reli ya Matadi hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilijengwa kati ya 1890 na 1898, na wafanyakazi Waafrika walikufa wengi mno wakiijenga. Mtoto wa Brussels angeyajuaje hayo? Treni ilikuwa imechorwa vizuri, akaamini na abiria.

Nataka tukae kidogo kwenye ukurasa wa darasani, maana una funzo kuliko hotuba yangu yote. Toleo la kwanza, Tintin anasimama mbele ya watoto wa misheni na kuwaambia leo atawaeleza juu ya nchi yao, Ubelgiji. Mwaka 1946 kitabu kilipochorwa upya kwa rangi, maneno yale yalishaanza kunuka, yakaondolewa. Badala yake Tintin anauliza: mbili jumlisha mbili ni ngapi? Darasa kimya. Anauliza tena. Kimya. Mnaona marekebisho hayo? Ubao umefutwa, watoto wamebaki na sura zilezile, na sasa wameongezewa ujinga wa hesabu.

Kuna kisa kingine cha kitabu hichohicho. Tintin alikuwa akimtoboa kifaru mgongo, anamtia baruti, anamlipua. Mwaka 1975 wachapishaji wa Skandinavia waligoma, ukurasa ukachorwa upya, kifaru akaponyoka salama. Kifaru alipata watetezi, wanafunzi hawakupata. Mkongo mmoja aishiye Brussels alipokwenda mahakamani mwaka 2007 kudai kitabu kizuiwe, hukumu ilitoka 2012 na akashindwa. Mahakama iliona hakukuwa na nia ya kubagua. Mimi sishabikii kupiga vitabu marufuku. Ila hilo la nia linanichekesha kidogo, kwa sababu mstari wenyewe haukuwahi kuulizwa nia.

Ukiifuatilia kazi yake utaona marekebisho mengi yaligusa maneno. Mwaka 1941, Ubelgiji ikiwa chini ya Wanazi, Hergé alichora kwenye gazeti la *Le Soir* hadithi ya nyota iliyoanguka baharini. Fisadi wake ni tajiri wa Marekani aitwaye Blumenstein, mwenye pua ya kuchorwa kwa chuki dhidi ya Wayahudi. Baada ya vita jina likawa Bohlwinkel, Marekani ikawa nchi ya kubuni. Pua ikabaki. Mwaka 1958 akatoa *Papa wa Bahari ya Shamu*, ambamo mahujaji Waafrika wanaokwenda Makka wanasafirishwa kumbe wanauzwa utumwani. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo, na Hergé safari hii yuko upande wao bila kigugumizi. Lakini mahujaji walipewa Kifaransa cha kitoto, walalamikaji wakalalamika, na miaka ya 1960 maneno yao yakaandikwa upya.

Kwamba mkono wenyewe unaweza kufundishika, ushahidi ni *Lotus ya Bluu*, 1934 hadi 1935. Alikutana na Zhang Chongren, mwanafunzi wa sanaa kutoka China aliyekuwa Brussels. Zhang alimweleza Shanghai ikoje, na yale mabango ya Kichina mnayoyaona barabarani si mapambo. Yanasomeka, mengine yanahimiza watu wagomee bidhaa za Japani. Ghafla Wachina wana sura, kila mtu na yake. Kisha fungueni ukurasa wenye Wajapani: meno nje, pua za nguruwe. Kitabu kimoja, mkono mmoja, mwaka mmoja! Alikuwa na rafiki Mchina, hakuwa na rafiki Mjapani.

Wafuasi wake nitawapitia haraka. Edgar P. Jacobs, aliyemsaidia kuchora upya vitabu vya zamani kwa rangi, alianzisha mfululizo wa *Blake na Mortimer* mwaka 1946. London yake kwenye kitabu cha *Alama ya Njano* ina ukungu unaoweza kuugusa, kisha juu ya picha anaandika aya nzima kukueleza kwamba mtu unayemwona anapanda ngazi, anapanda ngazi. Wanawake karibu hawamo. Inasemekana sheria ya Ufaransa ya 1949 juu ya machapisho ya watoto iliwatisha wachoraji wasichore wanawake. Mimi naona wengi wao hawakuhitaji kutishwa.

Picha mbili za mwisho. Hii ni *Vito vya Castafiore*, 1963. Hakuna safari wala jambazi. Zumaridi ya mwimbaji Castafiore imepotea nyumbani kwa Haddock, polisi wanawashuku Waroma, jamii ya wahamaji wa Ulaya, waliopiga kambi jirani, na mwizi ni ndege. Sisi wasomaji tumeonyeshwa kila kitu wazi, tukakisia vibaya pamoja na polisi. Humo ndani Profesa Tournesol anawaonyesha wenzake televisheni ya rangi aliyoivumbua. Ona kioo chake: mistari imepinda, rangi zimehama kwenye sehemu zake, uso mmoja umekuwa miwili. Watazamaji wanatoka na kizunguzungu. Hergé aliyechuja mistari maisha yake yote ndiye aliyechora hiyo, na naamini aliichora akitabasamu.

Na hii ni ya Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, aliyepata kujifunza kwenye studio ya Hergé huko Brussels miaka ya 1980. Kitabu ni *Madame Livingstone*, 2014, hadithi iliyoandikwa na Christophe Cassiau-Haurie. Ni vita ya kwanza ya dunia, Ziwa Tanganyika, rubani wa Kibelgiji anaiwinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, hiyohiyo ambayo watu wa Kigoma wanaijua kwa jina la Liemba. Kiongozi wake wa njia ni chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kudai ni mtoto wa Livingstone. Ni kweli au uongo? Baruti amepaka rangi kwa brashi, kuna maji, kuna moshi, kuna nyuso ambazo nusu yake haionekani. Nimekuja na nakala yangu, ni ya Kifaransa. Itaanza kuzunguka kutoka safu ya mbele upande wa kulia. Mwenye mikono ya mihogo apite kwanza nje akanawe.