Darasa la Saba Wakishamaliza, Nani Anajua Walikuwa Wanafanya Nini?

Shikamooni wazee wangu, walimu wetu, mwenyekiti wa mtaa, na nyie vijana mliosimama pale ukutani mambo vipi. Nimeombwa niongee kuhusu shughuli za wanafunzi kwenye hizi shule zetu mbili, ya msingi na sekondari, ambazo ukiangalia zimetenganishwa na barabara ya vumbi na mfereji tu, lakini habari ya upande huu haivuki kwenda upande wa pili. Nitaongelea hilo moja.

Tuanze na mwaka wenyewe unavyokwenda. Kwenye mashindano ya michezo msingi wana UMITASHUMTA, sekondari wana UMISSETA, zote zinaanzia shuleni zinapanda kata, halmashauri, mkoa mpaka taifa, na mazoezi yake mengi yanaangukia masika na masika ya Moshi mnaijua. Uwanja wa msingi unakuwa tope tupu. Watoto wanavuka kwenda ule wa sekondari ambao uko juu kidogo, darasa la sita wanakimbia raundi, dada zao wa kidato cha tatu wako pembeni na netiboli, wanashangiliana kabisa wanaitana majina. Ila kwa upande wetu watu wazima shule ya msingi ina kamati yake, sekondari ina bodi yake, na hivyo vyombo viwili havikai meza moja. Hata ruzuku ni mbili, tangu elimu bila ada ianze 2016 hesabu ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, mafaili tofauti, ripoti tofauti. Mtoto ni yuleyule.

Sasa hapa ndo nataka tukae kidogo. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba. Kidato cha kwanza wanaanza Januari. Katikati hapo nani yuko nao? Hakuna, tuseme ukweli. Wenye hela wanawapeleka tuisheni ya kujiandaa na kidato cha kwanza, wengine utawakuta soko la Memorial wanapanga mitumba ya shangazi, wengine wamepelekwa kihambani, shamba la nyumbani kwa bibi, wengine wanazunguka tu na hao ndo wananinyima usingizi. Shule ya msingi imeshawaaga na mahafali, keki, mziki mpaka jioni. Sekondari bado haijawapokea maana majina ya waliochaguliwa yenyewe yanatoka mwishoni mwishoni mwa mwaka.

Na akipokelewa anapokelewa na nini? Na fomu ya kujiunga. Mnaijua ile, imeandikwa rimu ya karatasi, fagio, ndoo, jembe au fyekeo, sare rangi fulani, viatu vyeusi vya kamba. Nimeisoma ile fomu mbele nyuma, hamna mstari hata mmoja unaouliza huyu mtoto alikuwa anafanya nini alikotoka, alikuwa skauti? anaimba? alifika mkoa kwa mita 800? Fagio ndo linaulizwa.

Kuna binti wa jirani yangu hapa mtaani, jina naliacha. Kwenye mahafali yake darasa la saba yeye ndo aliongoza ngonjera, upande mmoja unatetea mashine za kisasa upande mwingine unatetea jembe la mkono, yule mtoto alisimama mbele ya wageni hana karatasi, beti zote kichwani, sauti haitetemeki, wazazi wakawa wanainuka kwenda kumtuza mpaka mc akasimamisha. Akaingia sekondari. Kule masomo ni Kiingereza kuanzia siku ya kwanza na mtoto ametoka miaka saba ya Kiswahili, akanyamaza. Miezi inakwenda amenyamaza tu, mwalimu anamwona ni mtoto mzito haongei, na shule hiyohiyo ina klabu ya dibeti inatafuta wasemaji! Aliyekuja kuwaambia ni kijana wa bodaboda anayembeba yule mwalimu kila siku, kamwambia ticha mbona huyo ndo aliteka mahafali yote. Mwalimu akamwita, akaanza kumpa nafasi aseme kwa Kiswahili kwanza kwenye paredi ya asubuhi, siku ya mashairi, halafu taratibu Kiingereza nacho kikafuata. Sasa hivi anasimama kwenye dibeti.

Yaani bodaboda ndo ilikuwa barua kati ya shule mbili. Mimi namshukuru sana yule kijana ila hatuwezi kuendesha mambo ya watoto wetu kwa bahati ya nani kambeba nani.

Kuna wazazi wataniambia michezo na klabu inapoteza muda. Hapana jamani. Filbert Bayi ni mtoto wa Karatu hapo, mwaka 1974 kule Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3 na sekunde 32.2, na alipoacha mbio akaenda kuanzisha shule Kibaha. Na ile Roots & Shoots, mpango wa vijana wa Jane Goodall yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, ambao leo uko nchi nyingi ulianzia hapahapa kwetu, Dar es Salaam 1991, na wanafunzi 12 wa shule tofauti waliokaa pamoja wakaongea yanayowakera. Shule tofauti, naomba mlisikie hilo.

Na muda hatuna. Kwa mtaala mpya msingi inakuwa miaka sita, kwa hiyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza kwa mpigo na wote wanaingia kidato cha kwanza 2028. Hilo kundi la mtaani nililolisema litakuwa mara mbili.

Ninachoomba ni kidogo. Mwalimu wa darasa la saba aandike kwenye daftari moja kabla ya mtihani, jina la mtoto na alichokuwa anafanya, kwaya, skauti, riadha, bustani, kuchora, hata kama ni kupiga kengele kwa wakati aandike. Kopi moja iende sekondari, na anayekwenda shule ya mbali apewe karatasi yake mkononi. Halafu kuanzia Oktoba Jumamosi asubuhi klabu za sekondari ziwafungulie hawa waliomaliza, waje tu na raba zao kwa wenye nazo. Kidato cha nne tuwaache wasome, wana mtihani Novemba, ila kidato cha kwanza na cha tatu wanaweza kuwapokea wadogo zao. Na habari za shule zote mbili zibandikwe pale ofisi ya mtaa, nani kashinda nini, kwaya inaimba lapi, uwanja unafyekwa lini. Kwenye grupu la Wasap tutume maandishi, picha za watoto tusizirushe ovyo tafadhali.

Daftari nimeshanunua, hili hapa, namkabidhi madam wa darasa la saba mbele yenu. Mama wa kitenge cha bluu naona umenyoosha mkono muda mrefu, karibu uulize.