Kurudisha Mtandao kwenye Linux Baada ya Vifurushi Muhimu Kuondolewa

Ndugu wasikilizaji,

Jambo nililoombwa kulieleza leo huonekana dogo mpaka siku likufike. Umeondoa programu kwenye kompyuta ya Linux, pengine ukitafuta nafasi kwenye diski, au ukitaka kuliondoa toleo la Python uliloliona halina kazi. Kisha alama ya mtandao imetoweka kwenye skrini, kivinjari hakifungui ukurasa wowote, na amri ya apt, ambayo ndiyo ungeitumia kurudisha ulichoondoa, nayo inauhitaji mtandao ule ule uliopotea. Hapo wengi hukata shauri la kufuta diski na kusimika mfumo upya. Mimi nashikilia kwamba shauri hilo, katika hali nyingi, halina ulazima, kwa sababu mtandao wenyewe haujaondoka. Aliyeondoka ni msimamizi wake.

Tuanze na msingi huo, maana hatua zote zinautegemea. Mawasiliano na kadi ya mtandao, itifaki za TCP na IP, na jedwali la njia za pakiti, vyote hivyo ni kazi ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. NetworkManager, iliyoanzishwa na Red Hat mwaka 2004, ni programu ya kawaida inayokaa juu ya kerneli na kuiagiza: iwashe kadi hii, iipe anwani ile, ipeleke data kwenye lango fulani, yaani kifaa cha kutokea, kama ruta. Ukiiondoa NetworkManager, uwezo wa kerneli haupungui hata kidogo. Kinachokosekana ni wa kuiagiza. Mwagizaji huyo unaweza kuwa wewe mwenyewe, kwa kibodi, kwa muda mfupi utakaotosha kuvuta vifurushi, yaani mafungu ya programu, vilivyoondoka. Kwa hiyo shabaha yetu ni finyu kwa makusudi: tunatafuta muunganisho wa muda, wa sura yoyote, utakaodumu hadi apt imalize kazi yake.

Wengi huuliza kwa nini mfumo uliruhusu jambo hili litokee. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, kifurushi huhesabiwa kuwa cha lazima pale kinapobeba alama ya Essential, na alama hiyo hupewa vile tu ambavyo mfumo hauwezi kufanya kazi ya msingi bila ya hivyo, kama vile bash, coreutils, tar na dpkg yenyewe, programu inayosimika vifurushi. Ukijaribu kuondoa kimoja cha hivyo, apt itakuzuia kwa maneno makali. Lakini network-manager haina alama hiyo, wala iproute2, yenye amri ya ip, haina, kwa kuwa kompyuta huweza kuwaka na kufanya kazi bila mtandao. Kwa mizani ya dpkg, kuondoa NetworkManager ni sawa na kuondoa mchezo wa karata. Kisha kuna suala la utegemezi: kwenye Ubuntu, netplan.io, kifurushi cha kupanga mipangilio ya mtandao, inategemea Python, hivyo anayeondoa python3 huondoa pamoja nayo msururu mrefu wa vifurushi ambavyo hakuvitaja. Nacho kifurushi kilicholetwa kwa ajili ya kingine hubaki hakina mwenyewe yule aliyekiita akiondoka, na amri ya autoremove huja kukifagia. Orodha ya vitakavyoondolewa huwa imeandikwa yote kwenye skrini kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali, ila ni ndefu, na watu hawaisomi.

Sasa tuingie kwenye tiba. La kwanza ni kutokufanya jambo: usizime wala usiwashe upya kompyuta, na usiendeshe autoremove tena. Anwani na njia zilizokwisha kuwekwa kwenye kerneli huweza kubaki hata baada ya msimamizi kuondoka, hasa kwa anayetumia kebo, na huenda una muunganisho hai usioujua kwa kuwa tu alama yake imefutika kwenye skrini. Ukizima, unafuta hata hicho kilichosalia. Fungua terminali, na ikiwa mazingira ya madirisha yamekwenda nayo, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, uingie kwa jina na nenosiri lako.

La pili ni kusoma kumbukumbu. Faili la /var/log/apt/history.log huandika kila tendo la apt: saa lilipoanza, amri iliyotolewa, na chini yake mstari wa Remove au Purge wenye jina la kila kifurushi kilichoondoka. Nalisisitiza faili hili kuliko kitu kingine chochote katika mhadhara huu, kwa kuwa linakutoa kwenye kubahatisha. Bila hilo utarudisha network-manager peke yake, ufurahi, kisha wiki ijayo ugundue kwamba printa haichapi na sauti haitoki. Nakili mstari ule kwenye faili lako, maana ndio utakaokuwa orodha ya kurudisha. Wanaotumia Fedora wana wepesi zaidi, kwani dnf huweka historia ya matendo yake na amri ya dnf history undo last hulitengua la mwisho, mradi vifurushi vipatikane. Wanaotumia Arch watasoma /var/log/pacman.log.

Kabla ya kuhangaika na mtandao, tazama pia kama vifurushi unavyovitaka bado vimo ndani ya kompyuta yenyewe. Vilivyopakuliwa kwa apt-get hubaki kwenye folda ya /var/cache/apt/archives, na ukivikuta huko, amri ya dpkg -i hutosha kuvisimika bila intaneti. Ila apt ile fupi, tofauti na apt-get, kwa kawaida hufuta ilichopakua mara tu baada ya kusimika, kwa hiyo usishangae ukikuta folda tupu. Kwa Arch folda ni /var/cache/pacman/pkg, na hiyo aghalabu huwa imejaa.

Ikiwa hapana kitu, tuujenge muunganisho. Andika ip link. Utaona orodha ya violesura, yaani milango ya mtandao: lo, ambacho ni cha ndani ya kompyuta na hakitusaidii, kisha jina kama enp3s0 kwa kebo au wlp2s0 kwa mtandao usiotumia waya. Ukikiona cha kebo, umefika mbali kuliko unavyodhani. Ukiona lo peke yake, tatizo liko chini zaidi: kiendeshi cha kadi nacho kimeondoka, pengine pamoja na kifurushi cha linux-modules-extra, ambacho kwenye Ubuntu hubeba viendeshi vingi. Katika hali hiyo kuwasha upya kunaruhusiwa, ila kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kompyuta inapowaka, chagua kerneli ya zamani ikiwa ipo, kwa sababu kila kerneli ina moduli zake, na ile ya zamani huenda haikuguswa.

Kuhusu Wi-Fi nina ushauri mmoja: iache kwa sasa. Kuunganisha Wi-Fi kunahitaji wpa_supplicant au iwd ili kuthibitisha nenosiri, na wpa_supplicant ni miongoni mwa vinavyofagiwa pamoja na NetworkManager. Tafuta kebo ya mtandao uichomeke kwenye ruta. Kama kebo hakuna, chukua simu ya Android, iunganishe kwa kebo ya USB, kisha uwashe kwenye simu chaguo la kushiriki intaneti kwa USB. Kwa kompyuta, simu hiyo huonekana kama kadi ya kebo, yenye jina kama usb0 au linaloanza na enx, na kazi yote ya nenosiri la Wi-Fi inabaki kwenye simu. Njia hii imeokoa kompyuta nyingi, na inasikitisha kwamba haitajwi mapema kwenye maelekezo mengi.

Kiolesura kikishaonekana, kinahitaji anwani. Ikiwa dhclient au dhcpcd, programu za kuomba anwani kwa ruta, imesalia, iite ikifuatiwa na jina la kiolesura, na anwani itakuja. Ikiwa zote zimeondoka, kuna msaidizi ambaye wengi hawajui kwamba wanaye: systemd-networkd. Kwenye Debian na Ubuntu huja ndani ya kifurushi cha systemd chenyewe, kwa hiyo aliyeondoa NetworkManager hakuiondoa hiyo, na ina uwezo wake wa kuomba anwani kwa DHCP, yaani utaratibu wa ruta kugawa anwani. Tengeneza, kama mtumiaji mkuu, faili la /etc/systemd/network/10-muda.network lenye mistari hii minne:

[Match]
Name=en* usb*
[Network]
DHCP=yes

Kisha andika systemctl start systemd-networkd, usubiri kidogo, na uangalie kwa ip addr kama anwani imeingia. Kwenye Fedora networkd ni kifurushi cha peke yake, hivyo huenda usiikute.

Hata hiyo ikikosekana, anwani huwekwa kwa mkono. Tazama kwenye kifaa kingine kilicho kwenye ruta hiyo hiyo ili ujue lango ni lipi. Tuseme lango ni 192.168.1.1, basi chagua, kwa sehemu ya mwisho ya anwani, namba ya juu isiyotumiwa na mwingine, kwa mfano 200, na utoe amri tatu kwa mfuatano:

ip link set enp3s0 up
ip addr add 192.168.1.200/24 dev enp3s0
ip route add default via 192.168.1.1

Ya kwanza inawasha kadi, ya pili inaipa anwani, ya tatu inaionyesha mlango wa kutokea. Jaribu ping, amri ya kupima kama anwani inajibu, kwenye lango, kisha kwenye 1.1.1.1, seva ya umma kwenye intaneti, kisha kwenye jina kama deb.debian.org. Fuata mpangilio huo, kwa sababu kila jibu linakuambia kosa liko wapi. Lango likikaa kimya, kosa ni la kebo au anwani. Lango likijibu na 1.1.1.1 ikanyamaza, ni la njia. Namba zikijibu na jina likagoma, ni la kutafsiri majina, yaani kuyageuza kuwa namba.

Hilo la mwisho ndilo linalowakwamisha watu wengi, nami nitakaa nalo kidogo. Kompyuta husoma anwani ya seva ya majina kwenye /etc/resolv.conf. Kwenye Ubuntu, faili hilo ni kiungo tu kinachoelekeza ndani ya /run/systemd/resolve, mahali panapotunzwa na systemd-resolved. Ikiwa systemd-resolved imeondolewa, na kwenye matoleo ya karibuni ni kifurushi kinachojitegemea, kiungo hubaki kikielekeza pasipo kitu. Mtu anajaribu kuandika ndani ya resolv.conf, anaambiwa faili au folda haipo, ilhali analiona jina lake kwa macho yake. Anahitimisha kwamba diski imeharibika. Diski ni nzima. Futa kiungo hicho kwa rm, kisha uandike faili halisi lenye mstari mmoja, nameserver 1.1.1.1 au nameserver 9.9.9.9, na majina yataanza kufunguka.

Sasa endesha apt-get update. Ikilalamika kwamba orodha za hazina bado hazijaanza kuwa halali, tazama saa ya kompyuta, maana saa iliyorudi nyuma huleta kosa hilo hata mtandao ukiwa mzima. Endesha dpkg --configure -a ili kukamilisha kilichokatika njiani, halafu usimike network-manager pamoja na ile orodha uliyoinakili kwenye kumbukumbu.

Iwapo mfumo umejeruhiwa kiasi kwamba hauwaki, au apt yenyewe haipo, tumia flashi yenye mfumo wa majaribio wa aina na toleo lile lile. Huo huwaka na mtandao wake. Pachika kizigeu, yaani sehemu ya diski yako yenye mfumo, kwenye /mnt, unganisha /dev, /proc, /sys na /run kwa mount --bind, hakikisha resolv.conf ya ndani inafanya kazi, kisha ingia kwa chroot /mnt. Kuanzia hapo apt inayoendeshwa ni ya mfumo wako, ila mtandao ni wa flashi. Ni njia ndefu kidogo, lakini hurudisha karibu kila kitu bila kugusa mafaili yako.

Limebaki la mwisho. Baada ya NetworkManager kurudi, simamisha systemd-networkd na ufute lile faili la 10-muda.network, ili wasimamizi wawili wasigombee kadi moja. Kisha andika nmcli device. Kwenye Ubuntu huenda ukaona kadi ya kebo imeandikwa unmanaged, yaani haisimamiwi, ingawa kila kitu kimesimikwa. Sababu ni kwamba Ubuntu huizuia NetworkManager isishike kadi za kebo mpaka netplan iiruhusu, na faili la ruhusa hiyo huenda liliondoka pamoja na vifurushi vingine. Tengeneza kwenye /etc/netplan faili lenye jina linaloishia na .yaml, uandike ndani yake network, na chini yake, kwa kuacha nafasi mbili, version: 2 na renderer: NetworkManager, bila kusahau nukta mbili baada ya network. Kwenye Debian, tazama badala yake /etc/network/interfaces, kwani kadi iliyotajwa humo NetworkManager haiigusi. Ukiendesha netplan apply kwenye Ubuntu, au ukiondoa mistari ya kadi hiyo kwenye Debian na kuianzisha upya NetworkManager, neno unmanaged litatoweka na kadi itaunganishwa. Hapo ndipo unapoweza kuzima kompyuta na kuiwasha upya, ili uone kama muunganisho unarudi wenyewe bila amri yako.