Karafuu, Mwembe na Pua ya Nzi

Wazee wangu, akina mama, vijana wa kilimo, habari za mchana.

Nianze na swali nililokutana nalo mlangoni. Mzee mmoja mwenye miembe ameniuliza: "Mwalimu, hiyo dawa mnayotia kwenye mtego inanukia karafuu kabisa. Mafuta ya karafuu kwangu yapo. Ya nini kwenda kununua dukani?" Mzee wangu, pua yako haikukudanganya, na jibu lako ndilo mhadhara wangu.

Kwenye mtego wa nzi wa maembe tunatia methili eujenoli. Kinachonukia ndani ya karafuu ni eujenoli. Hao ni ndugu wa tumbo moja. Kila mmoja ana pete ya atomu sita za kaboni. Upande mmoja wa pete kuna mkia wa kaboni tatu, na upande wa pili mikono miwili jirani, kila mkono ukianza na oksijeni. Katika methili eujenoli mikono yote miwili imevaa glavu, yaani kaboni yenye haidrojeni tatu. Katika eujenoli mkono mmoja hauna glavu. Una haidrojeni moja tu. Tofauti nzima ni kaboni moja na haidrojeni mbili! Kwa pua zetu hizo ni harufu za ukoo mmoja. Dume la Bactrocera dorsalis, yule nzi wa maembe aliyeonekana Kenya na Tanzania mwaka 2003, ya kwanza huifuata kutoka mbali mpaka afie mtegoni. Ya pili, ile ya karafuu, humvuta kidogo mno.

Nzi ana vipapasio kichwani, vyenye vinyweleo vilivyotobolewa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Harufu huingia humo, huvuka majimaji, hufika kwenye kipokezi, ambacho ni protini yenye kijishimo. Molekuli, yaani chembe ya harufu, ikikaa sawasawa humo kwa sababu umbo lake linalingana na kijishimo, neva hupeleka habari kwenye ubongo. Ninaposema umbo, basi, sina maana ya urefu na upana peke yake. Mkono usio na glavu huvutana na maji na vitu vingine kwa namna ambayo mkono uliofunikwa hauwezi, kwa hiyo hata unavyokaribishwa ni tofauti.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwenye mizeituni ya Ugiriki. Jike wa nzi wa zeituni hutoa harufu ambayo molekuli yake ina sura mbili, kama kiatu cha kushoto na cha kulia: atomu zilezile, viungo vilevile, ila moja ni taswira ya nyingine kwenye kioo. Watafiti walipozitenganisha, waliona moja inawavuta madume na ya pili inawavuta majike. Mizani haiwezi kuzitofautisha kwa uzito. Mdudu mdogo kuliko punje ya mchele anaweza.

Mvuto wa methili eujenoli wenyewe uligunduliwa India. Frank Howlett, mtaalamu wa wadudu, aliandika mwaka 1912 kuhusu nzi waliokuwa wakiyakimbilia mafuta ya sitronela, nyasi jamaa ya mchaichai, na mwaka 1915 akaonyesha kwamba kiitacho ni methili eujenoli. Aliona pia jambo ambalo wakulima wengi hawajaambiwa mpaka leo: wanaokuja ni madume. Dume huilamba, mwili wake huigeuza, kisha huihifadhi na kuitumia kumvutia jike.

Hapa ndipo moyo unaniuma. Nimekutana na mama aliyenionyesha mtego umejaa nzi wafu, na chini ya mwembe maembe yanaoza kwa mabuu. Alidhani ameuziwa dawa mbovu. Dawa ilikuwa nzima. Anayetoboa embe na kutaga ni jike, na majike walikuwa wameshapandwa na madume wa shamba la jirani ambaye hakuweka chochote. Katika kisiwa cha Rota, Pasifiki, miaka ya 1960, nzi huyu alitokomezwa kwa vipande vya ubao vilivyolowekwa methili eujenoli na sumu, vikamwagwa kwa ndege kisiwa kizima. Kisiwa kizima, ndugu zangu! Mwembe mmoja mmoja hautoshi. Jike mtegeni kwa njaa yake: anatafuta protini ili mayai yake yakomae, kwa hiyo chambo cha protini humleta. Na maembe yaliyoanguka yaokoteni kila siku, myafukie kwa kina.

Mwenye matikiti na matango asiazime chupa ya jirani mwenye miembe. Nzi wa matikiti haijali methili eujenoli. Yeye huitwa na dawa nyingine ya mtego, kyulua (cue-lure), ambayo nayo ina pete ileile ya kaboni sita, lakini mkia wake ni wa kaboni nne na mkono wake umekaa upande wa pili kabisa wa pete, ukitazamana na mkia. Ukifika dukani, taja kwanza zao lako, kisha nzi wako, halafu ndipo uulize bei.

Mzee wangu wa karafuu, una swali la nyongeza?