Koo la opera mbele ya maiki: Eileen Farrell na wenzake

Haya karibuni jamani, na shikamooni wazee wetu wa kwaya, nawaona mmejaa pale mbele, na vijana wa bendi naona mmekaa nyuma karibu na mlango lakini leo hamtoki mapema kwa sababu habari hii inawahusu nyinyi kuliko mnavyodhani.

Nataka kuongelea waimbaji wa opera, yale maigizo ya kuimbwa mwanzo hadi mwisho na okestra, wanaoingia studio kurekodi jazi na zile nyimbo za redioni ambazo kila mtu anazijua. Wengi mmeshasikia rekodi za namna hiyo na wengi mmezizima kabla ya ubeti wa pili. Sauti ni kubwa, safi, haina kasoro, ila kuna kitu kinakataa. Unajiuliza huyu mama ana pumzi ya kutosha kuimba saa tatu bila kuchoka, iweje ashindwe kawimbo ka dakika tatu ka mapenzi? Watu husema "hana feeling". Mimi nakataa. Feeling wanayo sana. Tatizo lipo kwenye kazi ambayo koo lile limefundishwa kufanya.

Opera haina maiki. Yaani mtu mmoja anasimama mbele ya okestra nzima, ukumbi una watu zaidi ya 3,000, na yule aliyekaa juu kabisa lazima asikie. Sasa binadamu hawezi kuishinda okestra kwa kelele, akijaribu anaua koo, kwahiyo waimbaji waligundua njia nyingine ambayo wataalamu wa sauti walikuja kuielezea baadaye kwa vipimo, kwamba mwanaume aliyefundishwa vizuri anakusanya nguvu ya sauti yake pale karibu na hertz 3,000 (yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde), sehemu ambayo okestra imeshapungua nguvu na sikio la mtu linasikia vizuri sana. Hapo ndo anapenya. Soprano, yaani mwanamke mwenye sauti ya juu kabisa, akienda noti za juu anafanya kitu kingine, anafungua mdomo zaidi na kuzisogeza irabu zote kuelekea "a", maana asipofanya hivyo sauti inabanwa na inapotea. Ndo maana ukimsikiliza soprano juu kule hujui kama amesema "i" au "e" au nini. Sio uzembe, ni gharama ya kusikika bila maiki, na mimi naiheshimu sana kazi ile.

Sasa geuka upande wa pili. Mwaka 1925 kampuni za rekodi Marekani zilianza kurekodi kwa umeme, kwa maiki, na redio ikawa inaenea kwa kasi. Kabla ya hapo hata aliyeimba nyimbo za kawaida ilibidi apaze sauti. Baada ya hapo akaja mtu kama Bing Crosby anaimba kama anakuongelesha wewe peke yako jikoni kwako. Nyimbo zenyewe zikabadilika, watunzi wakaanza kuandika maneno ya kusemwa kwa karibu, yenye utani mdogo, yenye kusita. Uzito wote ukahamia kwenye maneno. Kwahiyo mwimbaji wa opera akileta koo lake la ukumbini mbele ya maiki ile inakuwa kama mtu anayekuongelesha kwa sauti ya kuita ng'ambo ya mto wakati mmekaa naye mkeka mmoja.

Sasa nije kwa mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyeliweza hili kuliko wote, na hapa nyumbani hatajwi kabisa: Eileen Farrell.

Alizaliwa mwaka 1920 huko Connecticut, Marekani, wazazi wake wote waimbaji wa maonyesho ya jukwaani, yale ya kuzunguka mji hadi mji. Hakuanzia kwenye nyumba ya opera, alianzia redioni. Mwaka 1940 alichukuliwa na redio ya CBS New York, na muda si mrefu akapewa kipindi chake mwenyewe kwa miaka kadhaa, na kwenye redio ile aliimba kila kitu, aria (nyimbo za opera za mtu mmoja) na nyimbo za kawaida za watu. Shikeni hilo. Huyu binti alipokuwa na miaka ishirini na kitu kila wiki alikuwa anasimama mbele ya maiki, anajua ukisogea inasikikaje na ukirudi nyuma inasikikaje. Wenzake wengi wa opera walikutana na maiki wakiwa wameshakomaa, yeye alikua nayo.

Na sauti ilikuwa kubwa kwelikweli, msije mkadhani labda alikuwa na kasauti kadogo ndo maana akaweza. Aliimba Wagner, yule mtunzi wa opera nzito zinazodai sauti kubwa kuliko zote! Mwaka 1951 aliimba sehemu ya Marie kwenye opera ya Wozzeck ya Alban Berg na okestra ya New York Philharmonic ikiongozwa na Dimitri Mitropoulos, muziki mgumu ambao waimbaji wengi hawaugusi.

Mwaka 1959 akaenda Italia, tamasha la Spoleto, kuimba Requiem ya Verdi, yaani muziki wa misa ya wafu. Louis Armstrong, gwiji wa jazi, naye alikuwa Spoleto na bendi yake, na akaugua ghafla, ugonjwa wa moyo, akalazwa hospitali. Onyesho lipo, watu wapo, bendi ipo, kiongozi hayupo. Wakamwomba Farrell. Akapanda jukwaani na bendi ya Armstrong akaimba, na wasikilizaji waliokuwa wanamjua kama mama wa Verdi wakabaki wanashangaa. Habari ikafika New York, kampuni ya rekodi ya Columbia wakamwingiza studio, na mwaka 1960 ikatoka albamu inaitwa I've Got a Right to Sing the Blues. Mwaka huohuo, tarehe 6 Desemba, ndo akaimba kwa mara ya kwanza Metropolitan Opera, nyumba kubwa ya opera ya New York, wenyewe wanaiita Met, kwenye opera ya Alceste ya mtunzi Gluck. Yaani mwaka mmoja bluzi na Gluck, mtu yuleyule, koo lilelile.

Hebu niseme alifanya nini hasa, maana hapa ndo pa kujifunza, na vijana wa bendi hapa ndo nawataka.

Kwanza alishusha kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbwa. Alishusha sana, mpaka wimbo ukakaa kwenye sauti ya kifua, pale pale anapoongelea. Soprano wengi wanaogopa hili kwa sababu uzuri wao wote uko juu, ukimshusha anajiona uchi. Wanachofanya ni kuuacha wimbo kwenye kii ya juu wakaimbe kwa sauti ya kichwa, na hapo wimbo umeshakufa kabla hawajafungua mdomo, maana nyimbo zile zinataka sauti ya mtu anayeongea.

Pili, vibrato, yaani ule mtetemo wa sauti kwenye noti. Mwimbaji wa opera vibrato yake inaanza na noti na inaisha na noti, haizimwi, ndo afya ya sauti yake. Farrell anaiweka noti wima, kavu, anaacha ikae, halafu mwishoni kabisa ndo anairuhusu itetemeke kidogo, au asiiruhusu kabisa. Kwa mtu wa Wagner kufanya hivyo bila kukaza shingo ni ustadi mkubwa, msidharau.

Tatu maneno. Konsonanti zake ni za mtu wa kawaida. Anakata neno mapema, anaacha nafasi, anaingia nyuma ya mdundo kidogo kama mtu anayefikiria kabla ya kusema. Wenye opera wamezoea kumfuata mwongozaji wa okestra na kuunganisha noti zote bila kuacha ufa, na jazi inaishi kwenye huo ufa.

Na hakuwa peke yake. Aliyempangia muziki kwenye albamu ile ya 1960 ni Luther Henderson, mtu mweusi aliyekulia Harlem, amesoma chuo cha muziki cha Juilliard na amefanya kazi na Duke Ellington, gwiji wa jazi. Alijua dunia zote mbili. Mara nyingi rekodi za namna hii zinaharibika kwa mpangaji, anamwekea mwimbaji wa opera vinanda na fidla kibao kama zulia la harusi, kwa heshima, halafu mwimbaji naye anajibu kwa kuimba kama yuko harusini. Henderson akampa bendi inayosukuma.

Nisiliruke jambo moja hapa maana ni la haki. Bluzi na jazi ni muziki wa Wamarekani weusi. Farrell, mwanamke mzungu, aliweza kuingia mlango wa opera na mlango wa bluzi mwaka mmoja. Mwanamke mweusi wa Marekani hakuwa na uhuru huo. Marian Anderson, sauti ambayo dunia nzima iliisifia, aliruhusiwa kuimba Metropolitan Januari 1955, mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya kuimba opera pale, na tayari alikuwa ameshavuka miaka 50, miaka yake bora imepita. Kuna waimbaji weusi wenye sauti ambazo zingejaza ukumbi wowote na tunawajua kwenye jazi tu kwa sababu mlango ule mwingine ulikuwa umefungwa. Nampenda Farrell sana na bado hili lazima lisemwe anapotajwa.

Hata kwa wazungu wenyewe opera haikupenda mambo haya. Helen Traubel, soprano mkubwa wa Wagner, alianza kuimba kwenye vilabu vya usiku, na mkuu wa Metropolitan wakati huo, Rudolf Bing, hakufurahi, na mwaka 1953 Traubel akaondoka Met. Akachagua vilabu. Farrell naye hakudumu pale, miaka michache tu. Waliona kuimba nyimbo za watu ni kujishusha hadhi, na mimi hili linaniuma kwa sababu hata kwetu lipo, mtu wa kwaya akionekana anaimba na bendi Jumamosi basi Jumapili anaangaliwa vibaya.

Haya tuwataje wengine haraka. Mwaka 1984 mtunzi Leonard Bernstein aliamua kurekodi West Side Story yake mwenyewe, igizo la nyimbo la mapenzi ya vijana wa mtaani New York, kwa waimbaji wa opera, Kiri Te Kanawa wa New Zealand na José Carreras wa Hispania. Mtunzi mwenyewe ndo anaongoza, pesa ipo, okestra ipo. Na bado kwangu mimi haikai. Carreras anaimba kijana wa mtaani New York kwa lafudhi ya Kihispania, wakati kwenye hadithi yeye ndiye asiye Mlatino, na kila noti ya juu anaipa heshima ya opera. Sauti tamu sana, kijana wa mtaani simuoni. Kiri aliendelea baadaye, akarekodi na mpangaji muziki Nelson Riddle mwaka 1985, kisha albamu ya jazi na mpiga piano André Previn, na nikimsikiliza naona anapata sauti laini ila maneno yanaelea, hayatui.

Renée Fleming, soprano wa Marekani, ni habari nyingine. Akiwa mwanafunzi kule Potsdam, jimbo la New York, alikuwa anaimba jazi kwenye baa na bendi ndogo, mpaka mpiga saksafoni Illinois Jacquet akamtaka aende naye, akachagua kuendelea na shule. Mwaka 2005 akiwa tayari ni staa wa opera akatoa Haunted Heart, piano ya Fred Hersch na gita la Bill Frisell, basi. Ameshuka chini kabisa kwenye sauti ya kifua, usipoambiwa ni nani hutambui. Mnaona? Tena ni mtu aliyekuwa na jazi kabla opera haijammiliki.

Na kuna njia ya tatu, hii ina mtu wetu ndani yake. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya rock ya Queen, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alikuwa anampenda mno Montserrat Caballé, soprano wa Barcelona. Walipokutana mwaka 1987 hakumwambia mama aimbe kama mtu wa rock. Yeye na mwanamuziki mwenzake Mike Moran walitunga nyimbo zinazoifuata sauti ya Caballé, zenye mistari mirefu ya kupaa, Freddie akabaki na sauti yake na mama akabaki na yake. Ndo maana wimbo wao Barcelona unakaa vizuri mpaka leo na ulipigwa kwenye Olimpiki za mji huo mwaka 1992 Freddie akiwa ameshafariki. Kwahiyo sio lazima mwimbaji abadilike. Unaweza ukabadilisha wimbo. Kisichowezekana ni kuchukua wimbo uliotungwa kwa ajili ya maiki, ukauimbia ukumbi, halafu ukamlaumu msikilizaji.

Kwa wanakwaya ambao najua mtaniuliza, je nikiimba bluzi nitaharibu sauti yangu ya kwaya? Farrell aliimba vyote maisha yake yote. Alifundisha Chuo Kikuu cha Indiana tangu 1971 mpaka 1980, na baada ya hapo, akiwa ameshavuka miaka 65, alirudi studio na mpiga piano Loonis McGlohon akarekodi albamu kadhaa za nyimbo za zamani za Marekani. Noti za juu za Wagner umri umeshazichukua. Zilizobaki ni za kati na za chini, na pumzi, na yale maneno. Kinachoharibu sauti ni kusukuma sauti ya kifua juu kupita mpaka wake kwa nguvu, na hilo litakuumiza hata kwenye tenzi za rohoni.

Basi niache kuongea. Fundi mitambo, naomba uanze na ile ya 1960, halafu moja ya zile alizorekodi uzeeni, ziende mfululizo bila kusimamisha. Nyie sikilizeni mwisho wa kila mstari, anaiacha vipi noti, halafu tutaanza maswali na vijana wa nyuma.