Moto wa TIG unayumba? Usiuze mashine kwanza

Habari za Dar, wadau. Swali ni lile lile kila wiki: moto wa TIG (kuchomelea kwa umeme kwa sindano ya tangsteni inayolindwa na gesi) unayumba, unatangatanga pembeni ya kazi, yaani chuma unachochomelea, je, mashine imekufa? Leo najibu, na najua wapo watakaosema “kafika Ulaya, sasa anawafundisha mafundi wa Gerezani.” Gerezani kuna mafundi wananishinda, sibishi. Ila fundi wa kuchomelea kwa vijiti akihamia TIG huja na mazoea ya vijiti, na TIG haivumilii uchafu.

Zima, acha tochi ipoe, kisha tazama ncha ya tangsteni. Iking'aa rangi ya fedha, gesi inafika vizuri. Ikiwa ya bluu au nyeusi, hewa imeigusa ingali moto. Ikivimba kama kichwa cha kiberiti, umegeuza nyaya: kwa chuma na stenlesi, tochi inakaa hasi, athi (kibano cha waya wa pili wa mashine, kinachobana kazi) inakaa chanya. Ikiwa na madonge, umeigusisha kwenye kazi au kwenye waya wa kujazia. Hapo usijikaze kuendelea, kata kile kipande noa upya.

Kunoa ndiko wengi mnakokosea. Mikwaruzo ya jiwe iende kwa urefu, kuelekea nchani. Ukinoa kwa kuizungusha, mikwaruzo inakatisha njia ya umeme na moto unapotea pembeni. Urefu wa mchongoko uwe mara 2 hadi 2.5 ya unene: tangsteni ya mm 2.4 inataka kama mm 5 au 6. Jiwe la kunolea litengwe kwa tangsteni tu, lile la kusagia mageti linaipaka uchafu. Yenye alama nyekundu ina thoriamu, vumbi lake lina mionzi, kwa hiyo mimi ningenunua ya lanthanamu, alama ya dhahabu au bluu. Tena mm 2.4 kwenye ampia 20 inaweza kutangatanga hata ukiinoa vizuri. Kazi nyembamba ipe mm 1.6.

Gesi sasa, maana hapa ndipo hela inapoteketea. Agoni tupu. Kabonidayoksaidi, hata ikichanganywa na agoni, inaila ncha palepale, msiniulize tena. Lita 7 hadi 10 kwa dakika zinatosha kikombe (kile cha mdomoni mwa tochi) namba 6 au 7. Ukifungua hadi 20 kwa kuogopa, gesi inavuruga na kuvuta hewa ndani, nawe umelipia hasara. Feni izimwe, na upepo wa Kigamboni uzibiwe kwa turubai. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya gesi uone kama yanavuja, kagua mpira wa kifuniko cha nyuma ya tochi. Inveta (mashine ndogo za kuchomelea) nyingi za bei nafuu zina koki ya gesi kwenye mpini wa tochi: ifungue kabla ya kuwasha, na ukimaliza acha gesi itoke sekunde 5 hadi 10. Kabla hujautolea hela mtungi uliokwishatumika, uliza kama wajazaji watakubali kuujaza.

Na karatasi, jamani! Mnaoota kuja huku Ulaya: cheti cha ISO 9606-1, kile cha kimataifa cha mchomeleaji, kinataka sahihi ya uthibitisho kila miezi 6, na cha TIG hakikuruhusu vijiti. Silalamiki, nawaambia tu mjipange, na kila mtu na njia yake.

Turudi kwenye moto. Umbali wa ncha na kazi uwe mm 2 hadi 3, ukiinua mkono moto unapanuka na kuyumba. Chuma kisagwe hadi king'ae, maana ile ngozi nyeusi ya kiwandani inatosha kuleta vurugu, kisha futa kwa asetoni. Athi ibane chuma kitupu, si rangi wala kutu.

Halafu jaribu bila waya, juu ya kipande kisafi cha mm 3, ampia 80. Moto ukitulia hapo, tatizo lilikuwa kwenye kazi yako. Ukivutwa upande mmoja tu, hasa kwenye kona, huo ni usumaku: hamisha athi, uchome kuelekea mbali nayo.